Muhula mmoja wa kubadilishana katika mji mdogo wa Ujerumani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila muhula wapo wanafunzi wanaofika Ujerumani na kukaa wiki nne bila kuweza kutoa hata senti moja ya pesa zao wenyewe. Wapo pia wanaosoma vizuri, wakafaulu, wakarudi, halafu chuo chao kikakataa kuhesabu kozi mbili kati ya tano. Makosa haya yanajirudia kwa sababu Ujerumani karatasi huzaa karatasi. Bila chumba huna usajili wa makazi. Bila usajili, benki nyingi za mjini hazikufungulii akaunti. Bila akaunti, pesa ulizozifungia kwenye akaunti maalumu kwa ajili ya viza hazina pa kutokea.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo wa karatasi. Umeandikwa kwa mwanafunzi anayehitaji viza na anayekwenda mji mdogo wa chuo kama Tübingen, Marburg, Göttingen au Greifswald. Miji hii ina mambo yake. Tübingen, kwa mfano, una wakazi wapatao 90,000 na wanafunzi wa chuo kikuu wapatao 28,000, kwa hiyo ikifika Oktoba vyumba vinagombaniwa kama mpira wa kona. Kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza nazo ni chache kuliko kwenye majiji makubwa. Kwa upande wa pili, ofisi ziko karibu, foleni ni fupi, na ofisa uliyemwona wiki iliyopita anaweza kukukumbuka.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Pasipoti itakayokuwa hai hadi baada ya tarehe ya kurudi, yenye kurasa mbili tupu.
- Picha za biometriki za milimita 35 kwa 45. Mpe mpiga picha vipimo hivyo, kwa kuwa picha ndogo ya kawaida ya pasipoti hukataliwa dirishani.
- Barua ya udahili kutoka chuo kinachokupokea, ikitaja kuwa wewe ni mwanafunzi wa kubadilishana, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza.
- Ushahidi wa pesa. Kiwango cha ubalozi ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka. Kwa miezi sita ni euro 5,952.
- Bima ya afya ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000, kwa siku zilizo kabla ya bima ya wanafunzi kuanza.
- Mkataba wa masomo wenye sahihi zote, na maelezo ya kila kozi yakiwa yamehifadhiwa kama faili za PDF.
- Euro 1,500 hadi 2,000 ambazo hazijafungiwa popote, kwenye kadi inayofanya kazi nje ya nchi. Kati ya hizo, beba euro 300 hivi taslimu. Amana ya chumba na kodi ya mwezi wa kwanza hudaiwa kabla akaunti ya Ujerumani haijafunguka.
- Faili la plastiki lenye nakala mbili za kila karatasi. Weka nakala za kidijitali kwenye simu na kwenye barua pepe pia, ili simu ikipotea usiwe umepoteza kila kitu.

## Hatua ya 1: Linganisha kalenda mbili (miezi 8 hadi 10 kabla)

Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kuisha 31 Machi. Vipindi vya darasani huenda kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Februari. Muhula wa kiangazi ni 1 Aprili hadi 30 Septemba, vipindi vikiwa katikati ya Aprili hadi Julai. Vyuo vya sayansi tumizi, viitwavyo Hochschule, huanza mapema zaidi, mara nyingi Septemba na Machi.

Andika tarehe za mitihani ya chuo chako kando ya hizo. Mtihani wa Ujerumani huweza kuangukia Februari, na nafasi ya pili ya mtihani huohuo ikawekwa mwishoni mwa Machi au Aprili, wakati umeshaondoka. Kama kalenda zinagongana, zungumza na mkuu wa idara yako sasa, kabla hujaomba.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, muhula wa kiangazi ni mwepesi zaidi kwa mgeni. Wanafunzi wapya wa Ujerumani wengi huanza Oktoba, kwa hiyo Aprili vyumba hupatikana kwa urahisi zaidi.

## Hatua ya 2: Tengeneza mkataba wa masomo usiovunjika

Alama nyingi hupotelea hapa, kwa hiyo usiifanye hatua hii kwa pupa.

Mkataba huu, ambao kwenye fomu za Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, umeandikwa Learning Agreement, ni jedwali lenye pande mbili. Upande mmoja zinakaa kozi utakazosoma kule. Upande wa pili zinakaa kozi za chuo chako zitakazohesabiwa kuwa umezisoma. Unasainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako, na chuo kinachokupokea. Sahihi ya chuo chako ndiyo ahadi kwamba ukifaulu, alama zako zitapokewa. Kozi isiyoandikwa humo haina ahadi yoyote, hata kama profesa wake alikupa alama ya juu kabisa.

Mzigo kamili wa muhula ni pointi 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa kozi. Ujerumani pointi moja huhesabiwa kuwa kazi ya hadi saa 30, pamoja na kusoma peke yako, kwa hiyo 30 ni kama saa 900. Kwa mtu anayezoea lugha na mfumo mpya, 24 zinatosha, ilimradi mfadhili wako hajaweka kiwango cha chini kinachozidi hapo.

Ukikaa kupanga kozi, fanya hivi:

1. Fungua orodha ya kozi ya chuo hicho, iitwayo Vorlesungsverzeichnis, ya mwaka uliopita na ya muhula wa aina ileile. Orodha mpya hutoka muda mfupi kabla ya muhula, wakati mkataba wako umeshasainiwa. Hii ndiyo sababu wengi hufika na kukuta nusu ya kozi zao hazipo.
2. Kwa kila kozi tafuta neno Turnus, linaloeleza kozi hufundishwa mara ngapi. Ikiandikwa „nur im Wintersemester“, kozi hiyo ni ya muhula wa baridi tu.
3. Angalia lugha ya kufundishia kwenye maelezo ya kozi. Kichwa cha kozi kinaweza kuwa kwa Kiingereza na mihadhara ikawa ya Kijerumani.
4. Angalia aina ya mtihani. Klausur ni mtihani wa kuandika darasani. Hausarbeit ni andiko refu, mara nyingi la kurasa 15 hivi, linalowasilishwa wiki kadhaa baada ya vipindi kuisha.
5. Ongeza kozi mbili za akiba na umwombe mkuu wa idara azikubali kwa maandishi mapema.

Namba 4 huwaponza wengi. Andiko likiwasilishwa mwishoni mwa Machi, mhadhiri hulisahihisha Aprili au Mei, na cheti chako cha alama kinasubiri. Kama chuo chako kinafunga alama mapema, chagua kozi zenye Klausur, na usichukue zaidi ya seminari moja yenye Hausarbeit.

Kozi za lugha ya Kijerumani zina faida kubwa kwa maisha ya kila siku, ila vyuo vingi vya nyumbani haviziingizi kwenye alama za shahada. Uliza kabla ya kuzitegemea.

Umefaulu hatua hii ukiwa na PDF moja yenye sahihi tatu, isiyo na mstari mtupu, na barua pepe ya idara inayotaja kozi za akiba kwa majina.

## Hatua ya 3: Tafuta chumba siku ileile unayopata jina la chuo

Usisubiri viza. Mwenye kusubiri viza hutafuta chumba Septemba, pamoja na mji mzima.

Njia ya kwanza ni bweni. Mabweni mengi yako chini ya shirika la huduma za wanafunzi liitwalo Studierendenwerk. Vyuo vingi vina vyumba vilivyotengewa wanafunzi wa kubadilishana, na ofisi ya kimataifa hukutumia fomu yenye tarehe ya mwisho. Ijaze siku hiyohiyo. Tafuta neno möbliert, yaani chumba chenye samani. Chumba kisicho na samani Ujerumani kinaweza kuwa kitupu kwelikweli: hakuna kitanda, na mahali pa taa zinaning'inia nyaya mbili tu kutoka darini. Kwa mtu wa miezi mitano, hakifai.

Njia ya pili ni WG, nyumba ambayo wanafunzi watatu au wanne wanagawana jiko na bafu. Tovuti inayotumika sana ni wg-gesucht.de. Andika ujumbe mfupi wa mistari sita hadi minane kwa Kijerumani, useme wewe ni nani, unasoma nini, unakuja tarehe gani na kuondoka lini. Ujumbe uliotumwa vilevile kwa watu ishirini hutambulika haraka. Taja kitu kimoja kutoka kwenye tangazo lao.

Maneno ya kujua kabla ya kusaini:

- Kaltmiete ni kodi tupu. Warmmiete ni kodi pamoja na joto, maji na gharama nyingine za jengo. Linganisha vyumba kwa Warmmiete, na uulize kama umeme na intaneti vimo.
- Kaution ni amana. Sheria inakataza kudai zaidi ya kodi tupu ya miezi mitatu.
- Zwischenmiete ni kupanga kwa muda chumba cha mtu aliyesafiri. Kwa muhula mmoja hii hufaa sana.
- Befristet ni mkataba wenye tarehe ya mwisho. Unaisha wenyewe, ila kwa kawaida huwezi kuuvunja kabla ya tarehe. Mabweni mengi huandika 1 Oktoba hadi 31 Machi, kwa hiyo ukiondoka Februari bado utalipia Machi. Ingiza hilo kwenye hesabu.

Swali moja liulize kabla ya mengine yote: je, nitaruhusiwa kusajili makazi kwenye anwani hii? Kwa Kijerumani, „Ist eine Anmeldung möglich?“ Jibu likiwa hapana, kiache chumba hicho hata kama bei ni nzuri. Utakwama kwenye hatua ya 7.

Tahadhari ya utapeli. Sura yake ni moja karibu kila mara: chumba kizuri katikati ya mji, bei ya chini, mwenye nyumba yuko nchi nyingine kikazi, na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa amana. Usilipe. Omba mkutano wa video ambao mtu huyo anatembea ndani ya chumba na kuonyesha mlango wa nje. Mtu wa kweli hana shida na hilo.

Mji ukijaa, angalia miji jirani iliyo kwenye njia ya treni: Reutlingen au Rottenburg kwa anayesoma Tübingen, Gießen kwa anayesoma Marburg.

## Hatua ya 4: Viza na pesa zilizofungiwa (miezi 4 hadi 6 kabla)

Unahitaji viza ya taifa, aina D, kwa ajili ya masomo. Ada ni euro 75. Usikubali ushauri wa kwenda na viza fupi ya Schengen ya siku 90 ukitarajia kuibadilisha ukifika. Utaambiwa urudi uombe upya.

Tangu Januari 2025, maombi ya viza za taifa hujazwa kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani. Unapakia karatasi, zinakaguliwa, halafu unaitwa kutoa alama za vidole na kuonyesha karatasi halisi. Hesabu wiki kadhaa hadi miezi mitatu.

Ombi lako la kwanza liwe safi, maana kuanzia 1 Julai 2025 ule utaratibu wa kuandika barua bure ili ubalozi uangalie upya uamuzi wake umefutwa. Ukikataliwa, unabaki na kuomba upya kwa kulipa ada tena, au kwenda mahakamani. Kabla ya kutuma, hakikisha tarehe zinafanana kwenye barua ya udahili, bima, mkataba wa masomo na barua yako ya maelezo. Tarehe zinazopishana humpa ofisa maswali.

Akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, hufanya kazi hivi: unaweka kiasi chote kabla ya safari, unapewa cheti cha ubalozi, na ukifika pesa hutoka kila mwezi kwa kiwango kilekile cha euro 992. Tuma euro 100 zaidi ya kiasi kinachotakiwa. Benki za katikati hukata ada njiani, na pesa zikifika pungufu kwa euro 12 hupati cheti hadi uongeze. Jina la mtumaji na jina la pasipoti yawe sawa herufi kwa herufi.

Wenye ufadhili hutumia barua ya ufadhili badala yake. Erasmus+ huwalipa wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya euro 800 hadi 900 kwa mwezi kutegemea nchi wanayokwenda. Barua ikionyesha kiasi kilicho chini ya kiwango, jiandae kuziba pengo hilo kwa akaunti iliyofungwa, na uulize ubalozi mapema.

Siku unayokabidhiwa pasipoti, isome viza kabla hujaondoka dirishani. Angalia jina, tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Omba tangu mwanzo viza inayofunika muhula wote. Ukiipata, huhitaji kibali kingine cha ukaazi.

## Hatua ya 5: Bima mbili, kila moja na wakati wake

Ya kwanza ni bima ya safari, inayokulinda hadi siku muhula unapoanza. Ya pili ni bima ya umma ya wanafunzi, kupitia mashirika kama AOK, TK au Barmer. Ni ya walio chini ya miaka 30, na mwaka 2025 ilikuwa katika euro 140 na zaidi kidogo kwa mwezi.

Ijaze fomu ya bima ya umma kwenye mtandao kabla ya kusafiri. Shirika la bima hutuma taarifa kwa chuo kielektroniki, na bila taarifa hiyo chuo hakikusajili. Wengi huleta kadi ya bima ya safari kwenye dawati la usajili na kurudishwa.

Kuna wauzaji wa bima binafsi za bei rahisi. Kuwa mwangalifu: ukiomba kuondolewa kwenye bima ya umma ili utumie ya binafsi, uamuzi huo haurudi nyuma kwa muda wote wa masomo yako hapo.

## Hatua ya 6: Kusafiri na siku za kwanza

Panga kufika Jumatatu hadi Jumatano, kabla ya saa nane mchana. Jumapili maduka hufungwa, ofisi hufungwa Jumamosi na Jumapili, na msimamizi wa bweni, Hausmeister, hutoa funguo kwa saa chache za siku za kazi. Anayetua Ijumaa usiku hulala hotelini siku tatu. Ukilazimika kufika mwisho wa wiki, chakula hupatikana kwenye maduka ya stesheni kubwa na vituo vya mafuta.

Beba mkononi, wala si kwenye begi linalokwenda chini ya ndege: pasipoti, barua ya udahili, uthibitisho wa pesa, mkataba wa pango, na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi. Ofisa wa mpakani anaweza kuziomba.

Ukiingia chumbani, piga picha kila ukuta, sakafu, dirisha na bafu kabla hujafungua begi. Jaza karatasi ya makabidhiano, Übergabeprotokoll, ukiandika kila mkwaruzo. Picha hizo ndizo zitakazorudisha amana yako.

## Hatua ya 7: Usajili wa makazi na karatasi zinazofuata

Fuata mpangilio huu bila kuruka.

Siku ya 1: jina kwenye sanduku la barua. Anwani ya Ujerumani kwa kawaida haina namba ya chumba. Mpeleka barua anasimama mbele ya masanduku, anasoma majina, na asipoliona lako barua inarudi ilikotoka. Kipande cha karatasi chenye jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, kikibandikwa kwa gundi ya utepe kwenye sanduku na kwenye kengele, kinatosha. Kadi ya benki huja kwa barua moja na namba ya siri kwa nyingine, siku tofauti. Ikirudi moja, unaanza upya.

Siku ya 1 au 2: fomu ya mwenye nyumba. Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Mwenye nyumba anatakiwa kisheria kuisaini akithibitisha tarehe uliyoingia. Mkataba wa pango hauchukui nafasi yake.

Ndani ya wiki mbili: Anmeldung. Sheria inataka usajili makazi ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Weka miadi kwenye tovuti ya manispaa, kwenye ofisi ya Bürgeramt au Bürgerbüro, hata kabla ya kusafiri kama tovuti inaruhusu. Peleka pasipoti, fomu ya mwenye nyumba na fomu ya usajili. Kazi yenyewe huchukua kama dakika 15. Unatoka na karatasi moja yenye muhuri. Tengeneza nakala tatu siku hiyohiyo.

Baada ya hapo: akaunti ya benki, kwa pasipoti, cheti cha usajili na kitambulisho cha mwanafunzi. Kisha ipelekee kampuni inayotunza akaunti yako iliyofungwa IBAN yako, yaani namba ya kimataifa ya akaunti mpya, ili pesa zianze kutoka.

Mwisho: kibali cha ukaazi, kwa wale tu ambao viza yao haifiki mwisho wa muhula. Omba kwenye Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, wiki 6 hadi 8 kabla viza haijaisha, na kwa vyovyote kabla ya siku yake ya mwisho. Ukiomba kwa wakati na ofisi ikachelewa, unapewa karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Ukiomba siku moja baada ya viza kuisha, unakuwa umevunja sheria.

Mambo mawili hujitokeza baada ya usajili. Barua ya ada ya utangazaji, Rundfunkbeitrag, itakuja: ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima. Kwenye WG analipa mmoja na wengine wanamchangia, kwa hiyo jibu barua kwa kutaja namba ya mchango ya anayelipa. Usiitupe, deni hukua. La pili ni tiketi ya usafiri. Deutschlandticket, iliyopanda kutoka euro 58 hadi 63 Januari 2026, hufika popote kwa treni za mkoa na mabasi, isipokuwa treni za kasi za ICE na IC. Vyuo vingi vina toleo la wanafunzi la asilimia 60 ya bei hiyo, likiwa tayari ndani ya ada ya muhula. Angalia kwanza, usilipe mara mbili.

## Hatua ya 8: Darasani, na mtihani usiojiandikisha wenyewe

Kipindi kikiandikwa „10 c.t.“, kinaanza saa nne na robo asubuhi. „10 s.t.“ ni saa nne kamili. Mitihani mara nyingi ni s.t.

Wiki ya kwanza linganisha kozi zilizopo na mkataba wako wa masomo. Kozi ikiwa imefutwa, ingiza ya akiba na utume mabadiliko yasainiwe ndani ya wiki chache za mwanzo. Kufanya mabadiliko Januari kwa kozi uliyoanza Oktoba huishia kukataliwa.

Sasa lile linaloangusha wengi kuliko ugumu wa masomo: kujiandikisha kwenye kozi si kujiandikisha kwenye mtihani. Ni vitufe viwili tofauti, mara nyingi kwenye mifumo miwili tofauti. Dirisha la mitihani hufunguka kwa wiki chache tu katikati ya muhula. Likifungwa, umehudhuria miezi minne na hakuna alama. Weka kikumbusho cha simu wiki ya tatu, muulize mhadhiri tarehe, na ukishabofya, pakua uthibitisho. Kwenye baadhi ya idara wanafunzi wa kubadilishana hawauoni mtihani kwenye mfumo kabisa, na hujiandikisha kwa karatasi katika ofisi ya mitihani, Prüfungsamt.

Alama huenda kinyume na unavyoweza kuwa umezoea: 1.0 ni bora kabisa, 4.0 ni kufaulu kwa tabu, 5.0 ni kufeli. Omba jedwali la mgawanyo wa alama za kozi, ili chuo chako kione kwamba 2.3 katika darasa gumu ni alama nzuri.

Ukitaka kibarua, viza ya masomo inaruhusu siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Wakati wa vipindi usizidi saa 20 kwa wiki.

## Hatua ya 9: Hita, madirisha na giza la saa kumi na nusu

Desemba jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni kusini, na mapema zaidi kaskazini. Panga kutoka nje mchana kila siku, na uende jikoni la pamoja hata kama huna njaa. Upweke wa Novemba huwapata wengi, na vyuo vina huduma ya ushauri nasaha bila malipo. Itumie mapema.

Kwenye hita kuna kitasa chenye namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Kuweka 5 hakuharakishi joto. Kunapandisha bili tu. Usiache dirisha likiwa limeinamishwa siku nzima. Zima hita, fungua dirisha lote kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya kuoga na kupika. Hewa ya chumba ina unyevu, ukuta wa nje ni baridi, na unyevu ukigusa ukuta huo unaota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Ukungu huo hulipwa kutoka kwenye amana.

Chupa za plastiki na makopo ya vinywaji usitupe: mengi yana senti 25 za kurudishiwa kwenye mashine ya dukani.

## Hatua ya 10: Kufunga muhula (anza wiki 8 kabla ya kuondoka)

- Deutschlandticket uliyonunua mwenyewe: isitishe kabla ya tarehe 10 ya mwezi wa mwisho. Ni mkataba wa kujirudia, na ukichelewa unalipia mwezi mwingine.
- Chumba: kwa mkataba usio na tarehe ya mwisho, notisi ni miezi mitatu na hutolewa kwa barua yenye sahihi ya kalamu. Safisha oveni, friji na madirisha, kisha jaza tena karatasi ya makabidhiano mkiwa pamoja.
- Abmeldung: ondoa usajili wa makazi kuanzia wiki moja kabla ya kuhama. Karatasi utakayopewa ndiyo inayofunga bima, ada ya utangazaji na akaunti iliyofungwa, kwa hiyo usipande ndege bila nakala zake.
- Cheti cha alama: muulize kila mhadhiri lini alama zitaingizwa. Kwenye Erasmus+, chuo kinatakiwa kukitoa kwa kawaida ndani ya wiki tano baada ya matokeo kutangazwa. Kozi moja ikikosekana, mwandikie mhadhiri moja kwa moja, ukiweka namba yako ya usajili wa chuo na jina kamili la kozi.
- Nyumbani: peleka cheti, mkataba wa masomo na mabadiliko yake pamoja, siku moja, kwa ofisa mmoja, na uchukue sahihi ya kupokelewa.
- Akaunti ya benki: iache wazi. Mwenye nyumba anaweza kuchukua miezi kadhaa kurudisha amana akisubiri hesabu za joto na maji. Mwachie IBAN kwa maandishi, na uifunge akaunti siku pesa hiyo inapoingia.